Bawabu wa Arobaini

Miaka ile, kama ungepanda ngazi za jengo letu pale Alby, kitongoji cha Stockholm, na kukuta mbele ya mlango wa mtu kimesimamishwa kibao cha njano chenye picha ya mtu anayeteleza, usingekuwa na haja ya kutembea kwa tahadhari. Sakafu ilikuwa kavu. Maana ya kibao ilikuwa kwamba ndani kuna mzazi, na kama unataka kumwona, uanze kwa Bawabu.

Kibao kilitoka kazini kwake. Alikuwa mfanya usafi katika wodi ya wazazi, kwenye hospitali moja hapa jijini. Siku kilipovunjika mguu na kutupwa, alimwomba msimamizi wake, akapewa, akakifunga mguu kwa utepe wa gundi na kurudi nacho kwenye treni. Alitusimulia kwamba abiria walimpisha njia nzima, na mmoja alimwinulia miguu.

Jina la Bawabu tulimpa sisi Watanzania. Wakongomani wenzake walimwita Maman, Waganda wakamwita Anti, na Waswidi wa ghorofa ya chini walimwita yule bibi wa kibao. Yote aliyaitikia.

Kwao Uvira, alituambia, mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kianguke. Kwetu Lushoto mzazi hukaa ndani siku arobaini, anakandwa kwa maji ya moto na kushindiliwa uji. Warundi walikuwa na yao, Wakenya na yao. Yeye alipofika Alby alizikusanya zote, akatupa zilizomchosha, akaongeza na sheria ya hospitali ya kunawa mikono hadi viwikoni, kisha akatutawala kwa hizo. Mgeni haingii kabla kitovu hakijaanguka, isipokuwa aliyebeba chakula. Mtoto haulizwi anafanana na nani. Jina lake halitamkwi kwenye lifti. Mume anaingia kwake, ndiyo, lakini abishe hodi. Na picha hakuna, wala ya kidole.

Siku moja pasta wa kanisa la Wakongomani alikuja kumwombea mtoto aliyezaliwa jana yake. Alikuja na suti, na shemasi nyuma yake, na gitaa. Bawabu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja kando ya kibao, anamenya viazi.

"Maman, tumekuja kumleta Mungu mu nyumba hii," pasta akasema.

"Pasta, Mungu ameisha kuingia tangu asubuhi," akajibu bila kuinua kisu. "Yeye alinawa mikono. Weye utarudia siku ya nane."

Pasta aliondoka, na siku ya nane alirudi. Bawabu akampa sabuni.

Usidhani alikuwa mtu wa kupenda watoto wachanga. Sikumwona hata mara moja akimbusu mtoto au kumwimbia. Alimpakata kama mtu anavyopakata mzigo wa mwenzake kituoni, kwa uangalifu na huku anatazama kama mwenyewe anarudi. "Mtoto ni mtoto," alikuwa akisema. "Watu wote wanamuangalia mtoto. Miye ninamuangalia mama." Na kweli alimwangalia. Alijua mzazi aliyekula na aliyesema amekula. Alijua anayelia kwa uchovu na anayelia kwa jambo jingine, na huyu wa pili alimfungia mlango hata kwa mama mkwe.

Wala hakuwa malaika. Kwenye chumba cha kufulia alikuwa janga. Kila mtu pale jengoni ana saa yake, imefungwa kwa kufuli dogo kwenye ubao, na Waswidi wanaweza kukusamehe karibu kila kitu isipokuwa kuiba saa ya kufua. Bawabu aliiba. Alijaza mashine nguo za mzazi, na mwenye saa akija na kapu lake na uso mwekundu, anaambiwa kwa Kiswidi kilichokatikakatika kwamba mzazi hana saa. Mara mbili tuliandikiwa barua na kamati ya jengo. Mimi ndiye niliyemsomea, na yeye ndiye aliyecheka.

Alikuwa pia na namna yake ya kuita watu. Mwanamke akishazaa, kwake yeye jina la zamani limekwisha. Utaitwa kwa jina la mtoto wako wa kwanza hadi kufa kwako: Mama Furaha, Mama Espérance, Mama Juma. Hata mama mmoja wa Nairobi aliyesisitiza aitwe kwa jina lake la kazini alishindwa akasalimu amri. Mimi peke yangu hakuniita hivyo. Binti yangu Rehema alipozaliwa na Alby yote ikaanza kuniita Mama Rehema, Bawabu aliendelea kusema "weye dada," kama nilivyokuwa siku niliyoteremka kwenye ndege. Niliumia. Nilimnunia wiki nzima, nikidhani amenidharau au amechoka kukumbuka majina. Hata hakutambua kwamba nimenuna, au alitambua akaniacha ninune.

Kazini kwake walimpa karatasi ya kutia sahihi, kwamba hatatoa nje habari yoyote ya mgonjwa. Wenzake huitia sahihi kama risiti ya dukani. Yeye aliichukua kama kiapo cha ndoa. Jumamosi, kwenye kikao chetu cha wanawake, sambusa zikishapungua, kulikuwa na mchezo wa kumchokoza.

"Bawabu, ni kweli mke wa yule mcheza mpira kajifungulia kwenu?"

"Miye ninajua sakafu tu."

"Wanasema kazaa pacha."

"Sakafu ilikuwa moja."

Hapo tulikuwa tukicheka hadi kukohoa, na yeye akijiongezea kijiko cha nne cha sukari kwenye chai. Hakuna aliyewahi kumtoa neno. Tulijaribu kwa sifa, kwa hasira, na kwa mchuzi wa samaki wa Tanganyika ulioletwa na ndege. Mchuzi aliula.

Na sasa nikuambie jambo lililotushangaza wote. Mtu huyu aliyefunga mdomo namna hiyo alikuwa anakufa kwa habari za jumba la mfalme. Kila wiki alinunua jarida lenye picha zao. Kiswidi cha kusoma kilimpa taabu, kwa hiyo alimkalisha binti yake amsomee, na binti alisoma kwa Kiswidi haraka haraka huku akipumua kwa kuchoka, na mama alisimamisha kila mstari aeleweshwe. Chai yake ilitoka kwenye kopo lenye sura ya malkia. Alijua nani alivaa nini, nani alikonda, nani alionekana na nani. Kiangazi kile cha harusi ya binti mfalme alisimama kando ya barabara mjini tangu asubuhi, mkononi bendera ya karatasi, akalia machozi gari la farasi lilipopita, na picha aliyofaulu kupiga kwa simu ilikuwa ya shingo ya farasi. Aliichapisha, akaitia kwenye fremu.

Nilimwuliza siku hiyo hiyo ya shingo ya farasi. Nikamwambia, "Mama, sisi unatufungia milango, halafu hawa wa watu unawachungulia?"

Hakukasirika. Alifuta fremu kwa upindo wa kitenge na kunieleza taratibu, maana jambo hili alikuwa amelifikiria kuliko nilivyodhani. Wale, alisema, wanajua pazia linawekwa wapi. Wanakuonyesha dirisha moja, wamelisafisha wenyewe, na wewe unakwenda zako umeridhika unadhani umeiona nyumba. Mtoto wao akizaliwa, wakubwa wa serikali wanashuhudia kwamba kweli kazaliwa. Mizinga inalia. Mfalme anasimama mbele ya mawaziri na kusoma majina ya mtoto. Kila mtu anapata haki yake ya kusema hongera. Halafu mlango unafungwa.

"Ile ni arobaini kabisa," akasema. "Sisi ndiyo tumeacha. Mtoto iko na siku mbili, watu elfu wameona kitovu yake mu simu. Na mama yake nani amemuuliza kama alikunywa maji?"

Nilimwona mshamba kidogo, nakiri. Nilikuwa nimesoma, na nilikuwa na ukurasa wangu mtandaoni wenye marafiki mia tatu.

Sasa inanibidi nirudi nyuma, kabla ya Rehema, kabla ya mume, mwaka wangu wa pili Stockholm. Nilikuwa mwanafunzi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kule Lushoto, na usharika mzima ulikuwa umeniombea safari. Nilipata mimba ya mtu ambaye alihamia nchi nyingine kabla sijamaliza kumwandikia barua ya kumweleza. Sikumwambia mtu yeyote. Majira ya baridi hapa yanasaidia wenye siri, koti moja kubwa linatosha. Mimba ilipofika mwezi wa sita mtoto alikuja, kabla ya wakati wake. Alizaliwa alfajiri, wa kiume, na aliishi mpaka karibu saa nne ya asubuhi.

Waliniachia mtoto nikae naye. Nilikuwa nimemshika hivyo mlango ulipofunguliwa na kigari cha usafi kikaingia, na nyuma yake mwanamke wa makamo niliyekuwa nimekaa naye meza moja kwenye kikao cha Jumamosi iliyotangulia. Tulitazamana. Nilijua kikao kile. Nilijua kwamba ifikapo Jumapili habari itakuwa Alby, Jumatatu itakuwa Dar es Salaam, na Jumatano itapanda basi kwenda Lushoto.

Hakuniuliza kitu. Alideki chini ya kitanda taratibu, akavua glavu, akanawa mikono hadi viwikoni. Akaja akanimiminia maji kwenye glasi na kusimama hapo mpaka nikayamaliza. Kisha akatoka na kufunga mlango. Kupitia kioo chembamba cha mlangoni niliona anasimamisha kibao cha njano, na yeye mwenyewe kando yake, ameshika mpini wa dekio. Wauguzi walikuja, akawaambia sakafu bado. Mchungaji wa hospitali alikuja, akaambiwa sakafu bado. Sakafu ile ilikauka kwa dakika kumi. Yeye alisimama pale zaidi ya saa nzima, na hiyo ndiyo saa niliyopata na mwanangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kikaoni, maana kutokwenda kungezua maswali. Alikuwa amekaa pale pale. "Dada, karibu, chukua sambusa," akasema, na kugeuka kuendelea na ugomvi wake wa chumba cha kufulia. Basi. Miaka ikapita hivyo. Hakunikonyeza, hakunibana mkono, hakunitazama kwa huruma hata mara moja mbele ya watu. Nadhani kama angenitazama kwa huruma ningehama jiji.

Nilipoolewa sikumwambia mume wangu. Kila mwezi nilipanga, kila mwezi nikaahirisha. Mume wangu ni dereva wa basi, mwenye furaha nyingi kuliko subira, na siku Rehema alipozaliwa furaha ilimzidi. Wakunga nilikuwa nimewaomba mapema wasitaje habari ya mtoto wa kwanza mbele yake, na hawakutaja. Lakini yeye alikuwa na ndugu Mwanza, shangazi Mombasa, rafiki wa shule Kampala, na badala ya kupiga simu moja moja aliona heri aweke picha mtandaoni, wote waone kwa pamoja. Akaiweka siku ya pili. Rehema amelala, mdomo wazi, mzuri kupita kiasi.

Kesho yake mchana Bawabu alifika na sare ya kazi, hata kibao hakuleta. Binti yake alikuwa amemwonyesha picha kwenye kompyuta. Nilikuwa chumbani nanyonyesha, nikamsikia sebuleni.

"Baba, toa ile picha."

"Mama, shikamoo kwanza! Watu themanini wameipenda."

"Marahaba. Toa."

"Kwani kuna ubaya gani? Unaogopa nini, kijicho?"

"Ndiyo," akasema. "Kijicho."

"Kijicho kwenye kompyuta!"

"Kinapitaka mule mule. Toa sasa, miye naona."

Aliitoa, huku akicheka. Na hicho kikawa kichekesho chake cha miaka. Kila sherehe, kila ubatizo, mume wangu aliigiza jinsi mama wa Uvira alivyoogopa kwamba mtoto atarogwa kwa intaneti, na watu walishika mbavu. Bawabu alikuwepo mara nyingi. Alicheka nao.

Mwezi mmoja hivi baadaye nilikaa kwenye kompyuta ya nyumbani, nikaifungua ile picha nimtazame mwanangu alivyokuwa mdogo. Nyuma yake, juu ya meza ndogo ya hospitali, palikuwa na karatasi ya mkunga. Nikaikuza. Ilisomeka vizuri kabisa: jina langu, uzito wa mtoto, na mstari unaosema kwamba mama huyu amezaa mara mbili. Mume wangu Kiswidi chake kilikuwa cha barabarani, hakuwa na sababu ya kuisoma. Lakini kwenye kikao chetu palikuwa na wauguzi wasaidizi wanne, na wawili kati yao walikuwa kati ya wale themanini.

Mtu pekee aliyezoea karatasi zile kwa miaka ya kuzifutia meza aliona, akapanda treni na sare mwilini, akakubali kuitwa mshirikina mbele ya watu mwaka baada ya mwaka, ili mimi nisiulizwe swali. Nililia pale kwenye kompyuta hadi Rehema akaamka. Arobaini ilipokwisha nilimfuata nimshukuru.

"Asante kwa ile picha, mama."

"Picha gani?" akasema. "Miye ninajua sakafu tu."

Alistaafu, akahamia Akalla kwa binti yake, mwisho kabisa wa treni ya buluu. Kibao alituachia, na bado tunakisimamisha, ingawa siku hizi mzazi mwenyewe huwa amekipiga picha na kukituma duniani kabla hatujafika. Nilimtembelea si mara nyingi kama nilivyopaswa. Siku ninayotaka kumalizia nayo ni siku ya Februari, na jioni yake ndiyo nilimweleza mume wangu kila kitu. Aliuliza kama kichekesho chake cha kijicho kilimwumiza yule mama. Hajakisimulia tena.

Asubuhi ya siku hiyo simu ililia. "Dada, amezaliwa! Wa binti mfalme. Redio imesema mizinga saa sita. Vaa koti, njoo tuhesabu."

Nilimwacha Rehema chekechea, tukakutana kituo cha Slussen, katikati ya jiji. Alikuwa amepungua mwili, koti limemzidi, lakini alikuja na chupa ya chai, na sukari ilikuwa ile ile. Tukatembea ukingoni mwa maji, upande unaotazamana na kisiwa cha Skeppsholmen, kunakopigwa mizinga. Palikuwa na watu, wengi wameinua simu wanapiga picha moshi ambao haujatoka.

Mzinga wa kwanza ulipolia alinishika mkono na kuanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, kama mtoto wa shule. Moja. Mbili. Ilipofika ishirini na moja kukawa kimya. Watu wakashusha simu, wengine wakaanza kuondoka. Bawabu akafuta pua, akasema basi, hongera yao, Mungu awakuzie. Tukageuka.

Mizinga ikaanza upya. Kumbe mtoto wa mrithi wa kiti hupigiwa mara mbili.

Alisimama. Akageukia maji tena, akasikiliza mmoja, wa pili.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya mtoto wao," akasema.

"Na hii?"

"Hii ya wako."

Alihesabu peke yake, polepole, hadi ishirini na moja nyingine ikaisha. Miaka minane hakuwa ametamka neno juu ya chumba kile, na hata sasa alikuwa anatazama mbele, moshi ukielea juu ya maji.

"Mwanamke akizaa, watu wanamuambiaka hongera," akasema. "Weye hakuna mtu alikuambia. Miye nilikuwa pale na nilinyamaza, juu mlango ni wako, haiko wangu. Nikasema nitangoja afungue. Sasa nimezeeka, dada." Akanigeukia. Yeye aliyewabishisha hodi wachungaji na waume za watu alisimama mbele yangu na chupa yake ya chai kifuani. "Hodi."

"Karibu, mama," nikasema.

"Jina yake nani?"

Nilikuwa sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Ni jina la baba yangu.

"Daudi."

Alilirudia mara moja kwa sauti ndogo, kulijaribu. Kisha akanawa uso kwa viganja vitupu kama mtu aliyemaliza sala, akanishika mikono yote miwili.

"Hongera, Mama Daudi," akasema.

Nikaitika.